Chai ya Bure Mnadani Endabash

Katika Endabash yote hapakuwa na mtu aliyemchukia Germana, na hapakuwa na mtu aliyenunua dukani kwake. Walimsalimia wakipita, wakamuuliza habari za magoti yake, wakakaa barazani jua likiwaka, wakanywa maji ya mtungi wake. Kisha walijipangusa vumbi, wakavuka uwanja wa mnada na kwenda kununua chumvi kwa Mangi.

Mangi ndilo jina walilompa Eliamani, Mchaga wa Machame aliyefika na baiskeli na mizani, na ambaye sasa alikuwa na pikapu, duka la matofali, na tumbo la kutosha watu wawili. Germana alikuwa na kibanda cha miti na udongo alichokijenga marehemu mumewe, Wilibrodi, chenye kaunta, dirisha dogo, na giza. Kosa lake kubwa lilikuwa ukweli. Mtu akiulizia sabuni, Germana aliigeuza mkononi, akaikwaruza kwa ukucha, akasema, "Hii imekaa mno, mwanangu, haitoi povu. Ya Mangi ni nzuri zaidi." Na yule mtu alimshukuru sana, akaenda kwa Mangi.

Hivyo ndivyo Patrisi alivyolikuta duka aliporudi nyumbani mwaka wa themanini na tano. Alikuwa mwana pekee wa Germana. Kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kazi katika hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta, akibeba mizigo na kupanga vijiko, mpaka asubuhi moja meneja alipomwita "boi" mbele ya meza ya wageni. Patrisi aliweka sinia chini taratibu, hata kijiko kisilie, akasema, "Naitwa Patrisi Wilibrodi," akavua koti lao jeupe na kulitundika kwenye kiti cha meneja. Akatoka akaingia katika ukungu wa Ngorongoro bila kugeuka nyuma. Alijivunia kitendo kile kila alipoamka, na kila alipoamka alijua kwamba mlango ule hautamfungukia tena.

Alirudi na mkewe, Lukresia, binti wa kutoka Baray, ambaye mimba yake ilikuwa imekwisha kuonekana. Na alirudi na neno moja kichwani: duka la baba yake litawalisha, au watakula udongo.

"Aayo," alimwambia mama yake siku ya kwanza, akisimama katikati ya lile giza, "duka si kanisa. Huwezi kungojea watu waje kwa kuwa ni wajibu wao."

"Chema chajiuza," Germana alisema.

"Chajiuza kikionekana. Chako kimejificha kama mwizi."

"Wewe umerudi juzi tu na tayari una maneno ya kunishinda."

"Maneno ndiyo mtaji niliorudi nao, mama. Ngoja nikuoneshe."

Akaonesha. Alivunja ukuta wa mbele, akalipanua dirisha mpaka mtu aliyekuwa mnadani aliweza kuona kopo la mwisho kwenye rafu ya mwisho. Alipaka chokaa ndani na nje. Alihamisha mizani kutoka pembeni na kuiweka mbele kabisa, mshale wake ukiwatazama wanunuzi badala ya kumtazama muuzaji, kwa sababu kwa Mangi mshale ulimtazama Mangi. Kisha akafanya lile lililomchekesha kila mtu. Mangi aliuza sabuni kwa mche mzima na mafuta kwa chupa. Patrisi aliukata mche kwa waya vipande vya kuoshea shati moja, na mafuta aliyauza kwa kijiko.

"Mtoto wa Wilibrodi anauza harufu," Mangi aliwaambia wateja wake, nao wakacheka. Lakini jioni, mama mwenye watoto sita na shilingi moja hakuwa na la kuchekea. Alivuka uwanja, akatoa kibakuli chake, akapimiwa kijiko chake cha mafuta, mshale ukimtazama usoni, na hakuna aliyemuuliza mbona unanunua kidogo hivyo. Kesho yake alikuja na jirani yake.

Lukresia ndiye aliyewafanya wakae. Alikuwa na kicheko cha karibu na mkono mwepesi, na alikuwa na shoga, Katarina mke wa Bartolomeo, ambaye naye alikuwa mjamzito. Wawili hao waliketi barazani wakipimana matumbo kwa kanga, wakioza watoto ambao hawajazaliwa.

"Mimi nabeba dume," Katarina alisema. "Anapiga mateke kama ng'ombe aliyekataa kukamuliwa."

"Basi aanze kutafuta mahari. Binti yangu hatoki kwa mbuzi wa kuchechemea."

"Mahari atalipa kwa mafuta ya kijiko, ya baba mkwe wake."

Wanawake wengine walikuja kusikiliza, na waliokuja kusikiliza hawakurudi mikono mitupu. Patrisi aliona, akazidi kukata sabuni.

Ila mafuta ya kijiko humshikiza mtu roho tu, hayamjengi. Patrisi alitaka siku moja ya kuigeuza Endabash nzima ielekee upande wake, na alijua siku hiyo ni ipi na kitu hicho ni kipi. Siku ilikuwa ya mnada, ambapo watu hushuka kutoka kila kona, hata Wamasai wa Olbalbal waliotembea na ng'ombe wao kutwa na kesho yake. Kitu kilikuwa sukari. Kufikia mwaka ule mpaka wa Namanga, wa kwenda Kenya, ulikuwa umefunguliwa na wafanyabiashara binafsi wameanza kupumua, lakini sukari ilikuwa bado kama ndoto. Gunia la duka la kijiji lilikwisha kabla foleni haijakwisha. Watu walikunywa chai ya chumvi, wakasema wameizoea.

Patrisi alimjua dereva mmoja wa magari ya watalii aliyekuwa na ndugu Namanga. Akauza madume mawili ya kulimia, yale ya baba yake, akampa fedha. Germana alisimama kwenye lango la zizi akiyatazama yakipelekwa.

"Sasa shamba tutalima na nini?" aliuliza.

"Na sukari."

"Sukari haivuti jembe, Patrisi."

"Itavuta watu. Watu wakija, madume yatarudi na ndama juu."

Sukari ilikuja, magunia yaliyojaa kweli, juma moja kabla ya mnada. Na juma hilohilo, siku mbili baada ya magunia kupangwa chumbani, Lukresia alishikwa na uchungu. Ilikuwa mapema mno. Germana alifunga mlango, akachemsha maji, akampokea mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe, na nyumba nzima ikangojea kilio ambacho hakikuja.

Hapo ndipo inafaa kusema jambo ambalo kila mtoto wa Mwiraqw, mwenyeji wa Endabash, analijua kabla hajajua kuhesabu. Nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo huingia katika metimani. Haibagui tajiri wala maskini. Watu wa nyumba hiyo hujitenga: hawamwazimi mtu moto, hawampi maji, hawamgawii chakula wala pombe, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine njiani. Jirani hawavuki kizingiti chao, wala hawapokei kitu kutoka mikononi mwao, na mjamzito hata kivuli cha nyumba hiyo hukikwepa. Majira yakipita, wazee huja, nyumba husafishwa, na watu hurudi kucheka pamoja. Si matusi wala si uadui. Leo ni yako, mwakani ni ya mwenzako. Wamisionari walikuja, watu wakabatizwa wakawa akina Yohani na Margareth, Jumapili wakaimba kwa sauti zote nne. Lakini Jumatatu hakuna aliyekwenda kuomba kaa la moto katika nyumba yenye metimani.

Patrisi alimzika mtoto alfajiri nyuma ya zizi, akichimba haraka kama mtu anayeiba. Aliporudi ndani Lukresia alimuuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa wa kike?"

"Sikutazama," Patrisi alisema. Alikuwa ametazama.

Germana alikuwa tayari ameshika ubao wa dirisha la duka. "Nisaidie kufunga," alimwambia. "Halafu nenda ukasimame mbali kidogo na kwa Bartolomeo, umwite kwa sauti, umwambie. Yeye atawaambia wengine."

"Tufunge mpaka lini?"

"Mvua ziishe. Labda na mavuno."

"Mvua ziishe!" Patrisi alikaa juu ya gunia. "Aayo, mvua zikiisha tutafungua nini? Sukari itakuwa jiwe. Madume yamekwenda. Mangi atakuwa ameleta sukari yake, na hawa tuliowavuta kwa kijiko watakuwa wamesahau hata rangi ya ukuta wetu. Tukifunga leo tumefunga moja kwa moja."

"Najua."

"Unajua, na bado unashika ubao. Sisi tumebatizwa au hatukubatizwa?"

"Mimi nilibatizwa kabla yako."

"Basi mkosi uko wapi? Uko kwenye sukari? Imetoka kiwandani ikapita Namanga, haimjui hata Lukresia. Haya ni maneno ya watu wa zamani waliokuwa wakiogopa kila kitu."

Germana hakubishana naye kuhusu mkosi. Alisema, "Mimi sijui Mungu anauona vipi. Najua hili tu: siwezi kumpa jirani kitu ambacho, ningekuwa yeye na ningejua, nisingekipokea."

"Basi asijue."

"Mwanangu, mficha uchi..." akasema, na hapo akaimeza methali iliyobaki, kwa maana aliona uso wa Lukresia kitandani.

Walikuwa watatu tu waliojua. Patrisi alilizungusha jambo hilo kichwani siku nzima, na kadiri alivyolizungusha ndivyo hasira yake ilivyopata pa kusimama. Alikuwa amekataa kuitwa boi na meneja. Je, ainamie desturi? Alijiambia kwamba anaipigania nyumba. Alijiambia hivyo kwa nguvu sana, kama mtu anayemwimbia mtoto alale ili yeye mwenyewe asisikie mlango unaogongwa.

Majirani waliambiwa Lukresia ana malaria. Na asubuhi ya mnada Patrisi alimpelekea mkewe kitenge kilichokunjwa mara nyingi.

"Kifunge ndani ya gauni," alisema, akitazama pembeni. "Leo tu. Wanakuja kwa ajili yako, Lukresia. Wasipokuona wataulizia."

Lukresia alikipokea. Alikiweka tumboni, akakifunga kwa kanga, akateremsha gauni. Maziwa yalikuwa yameshuka siku mbili zilizopita na hayakuwa na wa kuyanyonya. Alisimama akajitazama chini, na kwa mbali alionekana kama alivyokuwa juma lililopita. Germana alikataa kutoka chumbani. "Sitasema," alimwambia mwanawe kupitia mlango, "lakini sitagawa."

Patrisi aliteleka pipa la chai nje, maziwa tele, sukari bila huruma. Harufu ilitangulia kwenda mnadani kuliko yeye. Akapanda juu ya benchi, akapaza sauti iliyozoea kuita majina ya wageni kwenye ukumbi wa hoteli:

"Chai yetu si ya chumvi, ina sukari ya kweli,
Njoni hata wenye mvi, njoni hata walo mbali."

Wakaja. Mwanzoni vijana, wakidhani ni mzaha; kisha wanawake na watoto migongoni; kisha wazee ambao walijifanya wanapita tu. Kila mtu alipewa kikombe cha bure, na baada ya kikombe kila mtu alitazama mshale wa mizani ukicheza na kutulia. Waliondoka na sukari katika vifuko vya magazeti wameikumbatia kama kifaranga. Mzee Ngoyai wa Olbalbal, aliyekuwa ameuza ng'ombe wake asubuhi, alikunywa, akanyoosha kikombe tena.

"Hii ni ya ngapi, mzee wangu?" Patrisi alimtania.

"Ya kwanza nilikuwa naosha vumbi. Hiyo haihesabiwi."

Watu wakacheka. Ng'ambo ya uwanja Mangi alisimama mlangoni pake, mikono nyuma, akitazama migongo ya wateja wake. Patrisi alimwona. Alikuwa na kiu ya kuuona uso ule kuliko kiu ya chai, na sasa aliuona, na uso ule ulikuwa mtamu. Alimwita mzee Tluway, jirani yao mkubwa kwa umri, akampa kikombe kwa mikono miwili. Mzee alikunywa, akasema, "Wilibrodi angekuona." Patrisi aligeuza uso haraka akakoroga pipa.

Lukresia alikuwa anachota na kugawa. Hakucheka, lakini watu walijua ametoka kuumwa. Aliwapa wazee, akawapa vijana, mkono ukienda na kurudi, macho yake yakiwa kwenye pipa. Ndipo akasikia sauti anayoijua.

"Mama mkwe, mbona unaninyima? Nijazie. Huyu dume wangu leo kaamka na kiu."

Katarina alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja kiunoni kushikilia mgongo, mwingine umenyooshwa. Kanga yake ilikuwa imepanda juu ya tumbo. Lukresia alichota, akajaza kikombe, akakinyoosha. Vidole vya Katarina vikakishika. Lukresia hakukiachia.

"Kiachie basi," Katarina alicheka. "Au mpaka nilipe mahari kwanza?"

"Lukresia," Patrisi alisema kutoka kwenye mizani, kwa upole wenye makali, "mpe mwenzako."

Walibaki wameshika kikombe kimoja wote wawili, chai ikitetemeka ukingoni. Kisha Lukresia alikivuta kwake, akaimwaga chai chini.

"Usinywe, Katarina," alisema.

"Kwa nini?"

Lukresia aliingiza mkono chini ya gauni, akafungua kanga, akakitoa kile kitenge kilichokunjwa, kimelowa maziwa yaliyochuruzika kutoka kifuani, akakiweka juu ya kaunta kando ya mizani. Gauni likaanguka likashikana na mifupa ya nyonga zake. Hapakuwa na mtu wa Endabash aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu kama wangepiga. Katarina alirudi nyuma hatua kwa hatua, mikono yote miwili tumboni, akimtazama shoga yake machoni mpaka mumewe alipomshika bega na kumgeuza. Vikombe vilianza kuwekwa chini, taratibu, kimoja kando ya kingine, kama watu wanavyoweka kitu cha mwenyewe aliyelala. Aliyekuwa na chai mdomoni aliitema kwenye kiganja.

Bartolomeo alimkabidhi mkewe kwa wanawake wengine akarudi, lakini alisimama mbali. "Nimekunywa vikombe viwili, Patrisi," alisema. "Wanangu wamekunywa."

"Umeumwa?" Patrisi alisema. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Nioneshe palipokuuma. Chai ni majani, maziwa na sukari. Mnakwenda kanisani kila Jumapili mnamwambia Mungu nini?"

"Kanisa usiliingize. Ungeniambia, ningechagua mwenyewe. Umenichagulia."

"Ningekwambia ungekuja?"

"Nisingekuja. Lakini ningekulimia."

Mzee Tluway alimalizia kwa niaba ya wote. Alikuwa ameweka kikombe chake chini na kukifunika kwa jani.

"Tungekuwekea kuni njiani, kijana. Mahindi tungeyaacha kwenye mpaka wa shamba. Mama yako alifanya hivyo kwa nyumba yangu, mwaka ule wa njaa, miezi mitano, wala hakuniona uso. Hujafiwa peke yako, wewe mwenyewe umejifanya wa peke yako." Kisha akaondoka, na watu wakamfuata, na uwanja ukabaki na pipa linalochemka. Ngoyai alikuwa wa mwisho. Alisema kwamba wao wa Olbalbal hawana habari hizo, akakumbatia sukari yake. Lakini kikombe cha tatu hakukiomba.

Lukresia aliingia ndani akalia kwa sauti, kama mtu aliyepewa ruhusa. Germana alimfungulia mlango wa chumba na kuufunga nyuma yake.

Kesho yake sukari ilirudi. Patrisi alipotoka asubuhi aliikuta kwenye ukingo wa shamba, pale ambapo eneo lao linaishia: vifuko vya magazeti vimepangwa kwenye majani, vingi havijafunguliwa. Akiwa amesimama pale, mama mmoja alikuja, yule mwenye watoto sita. Aliweka kifuko chake chini bila kumtazama, akakipapasa kidogo kwa kiganja, kama anayemuaga mtu, akaenda zake. Hakudai fedha yake. Hakuna hata mmoja aliyedai. Jua lilipopanda sisimizi walikuja, na wao hawakuwa na metimani.

Jioni pikapu ilisimama. Mangi alishuka, akazunguka vile vifuko bila kuvikanyaga, akaja mpaka barazani na kukaa kwenye benchi kama mtu aliyezoea.

"Pole na msiba, bwana mdogo," alisema, na alisema kama anayemaanisha. "Nasi kwetu tumezika watoto."

"Umekuja kucheka."

"Kicheko hakiniletei kitu. Nimekuja kununua. Magunia yaliyobaki na hivyo vifuko vyote. Bei si ya mnada, lakini dume moja utapata."

Patrisi alimtazama. "Wewe huogopi?"

"Mimi ni Mchaga. Kwangu sukari ni sukari. Si ndivyo ulivyokuwa unawaambia jana? Nilikusikia mpaka kule. Ulikuwa unasema kweli tupu."

"Utaiuza wapi?"

"Nyingine Karatu. Nyingine Baray. Nyingine nitaingiza kwenye magunia yangu niirudishe hapa, kidogo kidogo."

"Kwa watu hawahawa?"

"Kwani kuna wengine?"

Patrisi alilifikiria dume, akaifikiria nira iliyoning'inia kwenye nguzo bila shingo. Akaufikiria mkono wa yule mama ukikipapasa kifuko. Halafu akajiambia kwamba ametukanwa na watu wajinga na hana deni nao, na kwamba mtu asiyeamini mkosi haogopi kuuuza. Aliinuka, akaingia chumbani, akabeba gunia la kwanza mgongoni na kulitupa kwenye pikapu. Aliporudi kuchukua la pili alimkuta mama yake mlangoni na kisu cha kuchunia.

"Pisha, Aayo."

Germana hakupisha. Alimpita akatoka, magoti yakimlia, akafika kwenye pikapu, akalipasua lile gunia kutoka juu hadi chini. Sukari ikaanza kumiminika juu ya bodi. Akalivuta likaanguka, akaliburuta kuelekea zizini, kwenye matope ya mkojo wa ng'ombe ambao hawakuwapo tena, njia nzima ikibaki nyeupe nyuma yake. Patrisi alimkimbilia akamshika mkono.

"Niachie," Germana alisema bila kupandisha sauti. "Jana ulinifunga mdomo. Leo utanifunga na mikono?"

Akamwachia.

"Mama, hiyo ni hasara tupu," Mangi alisema kutoka barazani, na kwa mara ya kwanza alionekana ameumia kweli.

"Ni yangu."

Alirudi kuchukua la pili. Alikuwa mzee, na magunia yalikuwa mazito, na ilimchukua mpaka kiza kilipoanza kuingia. Patrisi hakumsaidia, wala hakumzuia. Lukresia alitoka akashika ncha ya pili ya gunia. Wanawake wawili wakaburuta pamoja, wakakusanya na vile vifuko, wakamwaga, wakakanyaga kwa miguu mpaka sukari ikawa matope matamu yasiyoweza kuuzwa hata kwa asiyejua. Mangi aliguna, akafuta bodi ya pikapu yake kwa kitambaa, akaondoka.

Patrisi alitazama kuelekea njia. Alitamani mtu apite. Bartolomeo, mzee Tluway, yeyote, hata mtoto anayerudisha mbuzi, aone kwamba nyumba ya Wilibrodi imemwaga sukari yake yote chini kuliko kumlisha jirani asichokitaka, akawaambie wengine. Alifungua mdomo aite. Lakini nani angegeuka? Ni desturi kutoitazama nyumba yenye metimani, na Endabash ilikuwa imeshageuza uso wake.

Akachukua ubao, akafunga dirisha.

Siku ya mnada uliofuata watu hawakupita mbele ya duka. Walikuwa wamekata njia mpya nyuma, katikati ya mahindi yao wenyewe, wakikanyaga miche. Patrisi alikaa barazani, hawamwoni wala yeye hawaoni, ila sauti zao zilimfikia vizuri. Walikuwa wakienda kwa Mangi, wakilalamika njia nzima kwamba sukari haipatikani popote.